Landrova ya Hija Haina Mnunuzi

Wewe, umewahi kuuza gari halafu ukaogopa kulala kwako? Hija anaogopa. Tuko naye hapa kijiweni Yombo, benchi la mbao chini ya bati la gereji ya Elinaza, kahawa ya moto, kashata sinia zima, na simu yake kaizima tangu asubuhi. Wiki jana kauza Landrova ya marehemu baba yake, ile 109 ya kijani iliyokuwaga haiwaki mpaka isukumwe na mtaa mzima. Leo wamekuja watu wawili na Noah nyeupe isiyo na namba, wakamkuta mkewe, wakauliza mwenye Landrova yuko wapi. Hawakusema wao ni nani. Hata salamu hawakuitikia.

— Tulia, bwana, — akasema Salumu, dalali aliyeiuza, sie tunamwita Kamisheni. — Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini, Salumu? — akasema Hija. — Wamevaa miwani nyeusi na mvua inanyesha.

Elinaza, fundi, akasema ishu ni nyepesi: gari limekamatwa na bangi, na kadi ya gari bado ina jina la Hija, basi bangi ni ya Hija. Salumu akabisha. Bangi inabebwa na bodaboda siku hizi. Landrova kama ile inavusha watu mpakani, tena wakiwa wamelala. Elinaza hakukubali kushindwa kwenye gereji yake. Akakumbusha watu walivyokuwa wakipasua cherehani za bibi zao wakitafuta zebaki nyekundu, ile ya kuuza mamilioni.

— Sasa kwenye dashibodi ya Landrova inakaa ndoo nzima. Hao wamefungua, wamekosa. Wanakuja kuuliza umeificha wapi.

Tukacheka. Hija hakucheka. 

Mie nina digrii ya biashara na kazi sina, kwa hiyo muda wa kukasirika ninao. Nikauliza habari ya transfer of ownership, yaani kadi kuhamia jina la mnunuzi. Salumu akaniangalia kama nimemtukania mama. Mkataba upo, akasema, Hija kasaini, ila pa jina la mnunuzi pameachwa wazi, kama madalali wote wanavyofanya, ili jamaa akiuza tena, yule wa mwisho ndiye ajaze lake.

— Due diligence, braza, mtu unamchunguza kabla hujamuuzia. Tumesomeshwa semester nzima.

— Na wewe umeshauza magari mangapi?

Nikanywa kahawa yangu.

Hapo akatokea Rukaiya, mke wa Hija, kalowa, kandambili mguu mmoja. Elinaza akamsogezea nafasi, hakukaa. Akasema wale watu wamerudi. Talha, mdogo wake Hija, alikuwa barazani. Wakamuuliza hapa ndiyo kwa Hija, akaitikia ndiyo. Wakampakia kwenye Noah. Yeye Rukaiya amekimbilia kituo cha polisi, huko wanasema hawajaletewa mtu.

— Wakirudi nataka niwape jina, wamwache shemeji yangu, — akasema. — Aliyenunua gari anaitwa nani?

 Salumu alikuwa akimwita mnunuzi bosi tu. Hija naye, bosi. Mie nilisukuma ile Landrova siku inaondoka, nikapewa soda, nikasema asante bosi. Elinaza anakumbuka tu kwamba ilikuwa inakwenda shamba Chanika, kubeba mihogo. Namba ya simu ya bosi haipatikani tangu jana.

Hija akasimama.

— Basi naenda mwenyewe.

— Wapi? — akauliza Rukaiya.



Sasa nyie wa Noah nyeupe. Talha hajui hata kuendesha. Kama kosa ni la gari, mwenye kadi hakimbii, mwiteni kwa barua, kwa mjumbe, mchana kweupe, atakuja. Semeni majina yenu, maana sie ubaya wa kumwita mtu bosi tumeshauona. Mrudisheni Talha. Na kama hamumrudishi, semeni leo hii yuko kituo gani, tumpelekee chai.