Mwalimu Polikarpo, Aliyekataa Kunyolewa

Marehemu Polikarpo Amedeus Ligonja alizaliwa tarehe 23 Februari 1958 huko milimani Mahenge, mtoto wa kwanza wa mzee Amedeus na mama Eufrasia. Mwaka 1967 wazazi wake waliteremka bondeni kutafuta ardhi ya mpunga, wakaweka makazi kitongoji cha Lihemba, jirani na Namawala.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Baada ya mafunzo ya ukatekista, alianza kuhudumia kigango cha Lihemba mwaka 1981. Alifundisha watoto sala, alizika wafu padri asipofika, na alilima ekari zake tatu kama wengine. Sauti ya kuimba hakujaliwa. Wanakwaya walimwomba awe anafungua mdomo tu.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Kandida, binti wa Mlimba. Siku ya kwenda kujitambulisha alishuka treni kituo sicho, akafuata reli kwa miguu, akafika ukweni jioni akiwa na tope hadi magotini. Mama mkwe alicheka: "Huyu akisema anakuja, anakuja kweli."

Mwanzoni mwa mwaka 2017 watoto wanne walifariki Lihemba ndani ya wiki chache. Kitongoji kikakubaliana kumleta mganga, ili kila mtu anyolewe na kunyweshwa dawa ya kuondoa uchawi. Bibi Balbina, mjane asiye na mtoto, alikuwa ameshanyooshewa kidole. Tarehe 12 Machi, jina la Mwalimu lilipoitwa akae kwenye kigoda cha mganga anyolewe, hakusogea.

"Kaka, ni nywele tu," mdogo wake Wendelin alimnong'oneza. "Zitaota."

"Nywele wangechukua hata sasa hivi," alijibu, wote wakasikia. "Lakini mimi nilishabatizwa. Nikikaa kwenye kile kigoda, nawaambia watoto niliowafundisha kwamba yale yalikuwa maji tu. Tena nakubali kwamba Bibi Balbina ameua. Siwezi."

Tangu siku hiyo aliitwa mchawi. Salamu zilikatika. Waumini wakaacha kuja. Kila Jumapili aligonga kengele na kuongoza ibada mbele ya watu wawili, Kandida na Bibi Balbina, ambaye Mwalimu alikuwa amemchukua aishi nyumbani kwake. Mwezi Juni mpunga wake, uliokwisha kukatwa, ulichomwa shambani. Agosti alivamiwa akitoka ibada, akavunjwa nyonga. Watoto wake walimsihi ahamie Ifakara mjini. Akawauliza, "Nikiondoka, hawa walioogopa watarudi kwa nani?" Alirudi Lihemba na mkongojo. Waliorudi walikuwa wachache, mmoja mmoja.

Familia imeona vema ukweli usemwe mbele ya jeneza hili. Mpunga ulipochomwa, Wendelin alikuwepo, na kaka yake alimwona. Polisi walipomhoji, marehemu alisema amemwachia Mungu, jina hakutaja. Kwa miaka saba walipishana njiani. Marehemu alisalimia. Hakuitikiwa.

Novemba 2024 alipata kiharusi, akawa anauguzwa Mlabani, mjini Ifakara, kwa binti yake Oliva. Tarehe 6 Februari Wendelin alifika, akasimama mlangoni bila kuingia. Marehemu alimtazama, ulimi ukiwa mzito.

"Umekula?" akamuuliza.

Wendelin aliketi sakafuni akalia. Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mwalimu alifariki dunia.

Ameacha mjane, Kandida, watoto watatu, Oliva, Fidel na Levina, wajukuu saba, Bibi Balbina, ambaye hana nyumba nyingine, na mdogo wake Wendelin, ambaye kwa ombi lake mwenyewe ndiye anayewasomea maneno haya.

Bwana ampe pumziko ambalo sisi wa Lihemba tulimnyima.