Ndugu Anselmi Mihayo na Njia ya Baiskeli ya Bonde la Msimbazi

Na Fikirini Pazi, mtunza stoo

Alhamisi ya tarehe 30 Juni 1983, saa tisa na nusu alasiri, Ndugu Anselmi Mihayo atarudisha jembe, fyekeo na toroli dirishani kwangu, atatia sahihi, na hapo atakuwa ametimiza miaka ishirini na minne na miezi mitatu ya utumishi katika idara yetu ya bustani na njia. Toroli lina gurudumu bovu. Nalisema mapema ili asije akadai limeharibikia stoo.

Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na mtu aliyesoma. Waliosoma wote walikuwa na kikao. Karatasi nikaletewa mimi niliyeishia darasa la nne, pamoja na agizo moja: nisimtukane mstaafu. Agizo lenyewe gumu, maana mimi Mzaramo na yeye Mnyamwezi, na sisi ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo kichwani. Mnyamwezi nisipomtukana atadhani naumwa. Nimekubali kupunguza tu, na yatakayozidi Scholastika, mpiga chapa wetu, atayafuta.

Aliingia mjini kwa treni kutoka Tabora mwaka 1959, ana shati moja na kikapu cha karanga, akaajiriwa tarehe mosi Aprili kukata majani. Aliambiwa ni kibarua cha miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo ndiyo iliyomtoa mvi. Alipanga chumba Buguruni pamoja na Augustino, mtu wa Masasi aliyekuwa akipeleka mchicha Kariakoo kwa baiskeli. Jioni walikuwa wakigombana nani kala kitoweo cha mwenzake, na asubuhi wanatoka pamoja, mmoja anaendesha, mwingine kakaa nyuma kapakata mchicha.

Mwaka 1968, Augustino aligongwa na lori Barabara ya Uhuru, saa kumi na mbili na robo asubuhi, naye yuko upande wake kabisa. Hakufa. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Siku hiyo Anselmi alikuwa ametangulia kwa miguu, kwa sababu usiku wake walinuniana juu ya dagaa. Alipotoka hospitali kumtazama alikaa wiki nzima bila kumtania mtu, na kwa Mnyamwezi huo ni ugonjwa. Kisha akaanza kufyeka.

Alifyeka kuanzia nyuma ya nyumba za Buguruni, akaufuata Mto Msimbazi ukingoni, akapita chini ya Mchikichini, akakata Jangwani mpaka akatokeza kwenye mdomo wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Muda wa saa mbili kila siku baada ya kazi, kwa miezi kumi na moja. Watu walimwuliza kama anatafuta hazina ya Wajerumani. Akawajibu, "Natafuta mahali lori halifiki." Ilipokwisha ndipo idara ilipokuja, ikapiga picha, ikaiandika kwenye taarifa kuwa ni tunda la kujitegemea, ikaipa jina: Njia ya Baiskeli Namba Moja. Namba Mbili bado tunaisubiri.

Haukupita muda, magari madogo yakaanza kuinusa. Anselmi akaomba vipande vya reli, akachimbia vigingi viwili kila mwisho wa njia, baiskeli ipite, gari lisipite. Upana akaupima kwa baiskeli yake mwenyewe, tupu. Asubuhi ya pili Filbert, muuza mchicha mwingine, akaja na matenga yake mawili, moja kulia na moja kushoto, akanasa katikati kama mfupa kooni. Mbele haendi, nyuma harudi, na nyuma yake foleni mpaka kwenye kona. Aliyefurahi ni Siwema, anayekaanga vitumbua pale mdomoni mwa njia. Aliuza beseni zima kabla jua halijapanda. "Kaka Anselmi," alimpigia kelele, "usiving'oe, niachie mpaka Idi!" Anselmi aling'oa. Safari hii alimsimamisha Filbert na matenga yake palepale, kama rula, akachimbia vigingi huku na huku. Tangu hapo matenga mawili yanapita, na hakuna gari lililopita.

Akapanda na miti ya mikungu, miche mia moja na arobaini, ili watu waende kivulini. Mbuzi wa Mchikichini walikula mia moja na miwili. Iliyobaki thelathini na minane mnaiona, ni miti mikubwa sasa, na ukipita chini yake saa nane za mchana utamwombea dua hata Mnyamwezi.

Kuhusu mto sina cha kuchekesha. Kila masika Msimbazi unafurika na kuichukua njia. Kila Juni Anselmi anaitengeneza. Amefanya hivyo mara kumi na tano. Nimemwona akirudi na matope mpaka kwapani, anaweka jembe, anakaa kwenye ngazi ya stoo, halafu anainuka kwa mikono miwili. Mwaka huu alichukua muda mrefu kuinuka.

Sasa nafika mwaka 1976. Hapa wasomaji mnivumilie. Mwaka huu nimeuzunguka siku tatu nikichonga penseli.

Alikuja afisa mgeni, kijana, nadhifu, na Landrova. Alitaka vigingi ving'olewe ili malori ya kifusi yakate bondeni badala ya kuzunguka barabarani. Alipita kwanza stoo kuuliza njia, akanisemesha Kizaramo safi kuliko cha wajukuu wangu. Nikamwuliza yeye ni wa ukoo gani. Akacheka, akasema yeye ni Mpare wa Same, ila baba yake alifundisha shule Kisarawe na yeye kakulia huko. Kwa hiyo nilijua kwamba si Mzaramo wala mtani wa Anselmi. Naandika wazi: nilijua.

Mchana huo Anselmi akanijia anahema. "Fikirini, yule bwana wa Landrova ni kabila gani?"

Nikamwambia, "Mzaramo mwenzangu yule. Mtani wako. Mfanye utakavyo."

Nilitaka kucheka tu. Siku za stoo ni ndefu.

Kwa vijana wasiojua: mtani anaruhusiwa, hata msibani, kuingia kaburini, akalala humo, akakataa kutoka mpaka wafiwa watoe faini. Hakuna anayekasirika. Ndiyo kazi yake. Sasa kesho yake asubuhi, Landrova ilipofika kwenye vigingi, Anselmi alichukua koti la afisa kwenye kiti cha gari, akalala chali katikati ya njia, akajifunika koti usoni, akakunja mikono kifuani. "Nizike kwanza, Mzaramo, ndipo upite!" akasema chini ya koti. "Na unizike vizuri. Kaburi la baba yako mlilichimba fupi, miguu inachungulia nje!"

Wenye baiskeli walikuwa kama arobaini nyuma yake, wakaangua kicheko. Siwema naye, "Lia basi, mwana wa Kizaramo, mtani wako kafa!"

Afisa hakucheka. Baba yake alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Aliokota koti lake, akalipangusa taratibu, akaingia garini, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Malori hayakuja, kwa sababu hakutaka tena kuliona bonde lile, na baada ya muda akaomba kuhamishwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika kilichotokea, basi. Lakini barua ya Anselmi ya kupandishwa kuwa msimamizi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, inasubiri sahihi tu. Ikafutwa.

Anselmi alikwenda kwa miguu mpaka Mchafukoge, kwenye ofisi ya yule kijana, kumwomba radhi, bila mzaha hata mmoja. Huko ndiko alikojua kuwa kijana ni Mpare; aliporudi akasema huenda alinisikia vibaya, masikio yake yamezeeka. Nami nikamwacha aamini hivyo. Kwa miaka saba nimekuwa nikimwita bingwa wa kujizika, watu wanacheka, naye anacheka, na mimi nakwenda nyumbani.

Ubaya haukuishia kwenye cheo. Kwa kuwa hakuwa msimamizi, kazi yake kwenye daftari imeandikwa "kukata majani kwa jumla". Njia haina jalada, haina mtu. Mwezi wa Aprili tuliambiwa nafasi ya mkata majani huyu haitajazwa akiondoka. Kila anayepita pale anajua maana yake. Masika moja bila Anselmi, matete yanafunika. Masika mbili, mtu anakuja na Landrova na hakuna wa kulala mbele yake, na kina Filbert wanarudi Barabara ya Uhuru pamoja na malori.

Alikwenda ofisi tatu kuieleza habari hiyo. Zote zilimpa kiti, moja ikampa na chai. Mke wake Klara yuko Tabora tangu Januari, amekwisha lima, anamsubiri, na mzee mzima bado anashinda kwenye mabenchi na kofia mkononi, anachelea kwenda kupumzika. Hapo nikashindwa kuendelea kumtazama. Wiki mbili zilizopita nilimwita ndani ya stoo, nikafunga dirisha, nikamwambia alisikia sawasawa. Niliyesema uongo ni mimi.

Siku tatu hakunitukana. Alipita dirishani akasema, "Habari za asubuhi, Ndugu Pazi." Ndugu Pazi! Katika miaka ishirini na minne ameniita jina la kila mnyama anayetambaa, na hakuna lililonichoma kama hilo.

Siku ya nne aliingia, akakivuta kiti changu, akakikalia. "Mzaramo," akasema, na mimi nikavuta pumzi. "Faini."

Faini ya utani haikataliwi, kila mtu anajua. Nikamwambia ataje. Nikafikiria kuku, nikafikiria mbuzi.

"Umebakiza miaka mingapi kazini?"

"Miwili."

"Naitaka yote miwili. Iweke bondeni."

Nikamweleza habari za magoti yangu. Akasema magoti yetu yana umri mmoja, ila yake yalishinda kwenye matope na yangu yalishinda kwenye kiti alichokalia.

Niliomba uhamisho. Barua yangu ilijibiwa kwa siku mbili, haraka kuliko barua yoyote mwaka huu, nadhani kwa sababu walioisoma walidhani nimechanganyikiwa na wakataka kuwahi. Kwa cheo changu cha stoo siwezi kuandikwa mkata majani, kwa hiyo Scholastika alilazimika kuniandikia jina la kazi jipya: Msimamizi wa Njia ya Baiskeli Namba Moja. Jalada limefunguliwa. Njia ina karatasi. Cheo nilichomnyang'anya Anselmi nitakibeba mimi, na kila atakayeniita msimamizi atakuwa ananikumbusha, hata kama hajui.

Jumatatu iliyopita alinipitisha njia nzima kwa miguu, kutoka Kariakoo mpaka Buguruni. Alinionyesha mto unapovunja kwanza na unapovunja pili, mahali mfereji unapoziba, na mbuzi gani ni wa nani. Tulipumzika mara tano. Mara nne ni mimi niliyeomba. Alinitukana toka mwanzo mpaka mwisho, na wenye baiskeli walipiga kengele wakitupita. Kwa Augustino tulimkuta kwenye meza yake ya sigara. Akamwangalia Anselmi, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu ndiye? Huyu hafiki Septemba." Ameniagiza pia niandike kwamba dagaa wa mwaka 1968 aliwala yeye.

Ndugu Anselmi, idara inakushukuru kwa miaka uliyotumikia. Wauza mchicha, wafanyakazi wa viwandani na kila aliyefika Kariakoo na miguu yake miwili wanakushukuru zaidi, hata wasiokujua kwa jina. Tunakuombea treni isiyochelewa, paa lisilovuja, Klara mwenye subira, na asubuhi nyingi za kulala mpaka uchoke kulala. Msamaha sikuombi, maana adhabu umekwisha kunipa.

Naanza Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.