Mchungaji Elibariki Avua Joho

Jumapili ya tarehe 14 Desemba 2025, Mchungaji Elibariki Mshana anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa nasi hapa Tabata. Kamati imenipa ukurasa mmoja wa kumwelezea. Nitajitahidi, ingawa mwenyewe hajawahi kumaliza jambo kwa ufupi. Akisema "na la mwisho" mimbarini, wenyeji tunajua bado yapo matatu.

Alifika na mkewe, Mama Filomena, na pikipiki iliyowaka kwa kusukumwa tu. Tulikuwa tunasali chini ya bati lisilo na kuta. Leo tuna kanisa na shule ya chekechea, na watoto aliowabatiza ameanza kuwafungisha ndoa. Kwenye mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada, alikuwa hawezi kuvumilia kuona jogoo akikosa mnunuzi; alimnunua mwenyewe. Mama Filomena alilalamika kwamba nyumba ya mchungaji imegeuzwa banda.

Ningeweza kuishia hapo tukapiga makofi. Lakini jamani, wasifu wa mtu huyu bila ugomvi wa tarumbeta ni pilau bila mchele.

Ulikuwa mwaka ambao mtaa mmoja, tawi la kanisa lililokuwa chini yetu, ulifanywa usharika unaojitegemea. Viti tuligawana kwa amani, hata sufuria za akina mama. Ishu ikawa tarumbeta: kila upande ulizitaka zote. Vikao vikawa vya kufokeana. Mchungaji, aliyechoka na ambaye hajui tarumbeta ipi ni ipi, aliagiza zipangwe mezani. Vijana wakazipanga kwa ukubwa. Akapitisha mkono katikati: hizi zenu, hizi zao.

Sie tukabaki na ndogo zote, wenzetu wakaondoka na kubwa zote. Pasaka ilipofika, kwetu ziliimba kama vifaranga, kwao zikakoroma. Kila upande ukaamini mchungaji ameupendelea mwingine.

Kwa desturi yetu, ibada ikiisha yeye hutangulia mlangoni, nasi tunatoka mmoja mmoja tukimpa mkono. Mwaka ule watu waligundua mlango wa ubavuni. Wa kwanza alikuwa Mzee Benjamin, kiongozi wa tarumbeta, na nyuma yake karibu nusu ya kanisa. Mchungaji aliendelea kusimama mlango mkubwa kila Jumapili, mkono ameunyoosha, akiwapokea wachache waliobaki na watoto.

Alikonda, nasi tukasema ni malaria. Presha ikapanda, usingizi ukakata. Alimwomba mkuu wa jimbo amhamishe, akaambiwa avumilie. Ibada ikiisha alikuwa anakaa peke yake kwenye chumba cha kuvalia, joho mwilini na joto lote lile, mpaka uwanja uwe mtupu. Mama Filomena alipomuuliza kwa nini halivui, alimjibu: "Nikiwa nalo wanamtukana mchungaji. Nikilivua wananitukana mie." Mama Filomena alikuja kunisimulia mwenyewe, akilia.

Aliyetusaidia hata si msharika. Bi Zuena, jirani yetu Mwislamu, dirisha la jiko lake linatazamana na chumba kile, na alikuwa amemwona mzee wa watu Jumapili baada ya Jumapili. Siku moja alikwenda dukani kwa Mzee Benjamin, akanunua misumari kwanza asionekane mmbea, kisha akamwambia: "Mchungaji wenu haumwi malaria yule. Anaumwa nyie."

Jumapili iliyofuata Mzee Benjamin alipanga foleni mlango mkubwa. Aliushika ule mkono mpaka foleni ikakwama nyuma yake. Mwezi huohuo tarumbeta zilirudi pamoja, na mpaka leo zinahudumia sharika zote mbili kwa zamu.

Nisiwadanganye kwamba yaliishia pale. Vidonge vya presha bado anameza. Mtenda husahau, mtendewa hasahau: sie tulishaanza kutaniana habari za vifaranga, naye hadi Jumapili iliyopita hakulivua joho mpaka wa mwisho wetu alipotoka getini. Inauma kuliandika hili kwenye karatasi ya sherehe, lakini aliyabeba peke yake, na hakuna mahubiri hata moja aliyotusema.

Baba Mchungaji, asante. Asante pia, Mama Filomena, kwa kumtunza tuliyemchosha. Tunawaombea afya, usingizi wa kutosha na jogoo wachache huko Same mnakorudi.

Na la mwisho, kweli la mwisho. Jumapili hii mlango wa ubavuni utakuwa wazi kama kawaida, lakini Mzee Benjamin na tarumbeta zote, ndogo na kubwa, watakuwa mlango mkubwa. Tukishakupa mkono, Baba, usiende kule chumbani. Livue joho palepale, mbele yetu. Mchungaji tutakuwa tumeshamuaga kwa ibada. Tunaomba na Elibariki naye tumuage.

Mwinjilisti Noela