Mama Subiri Hakustaafu, Alifukuzwa

Tumeshauriwa tuandike kwamba marehemu alistaafu mapema kwa hiari yake. Aliyetushauri ana nia njema, lakini aliyeshika karatasi ni mimi, mdogo wake. Dada hakustaafu. Alifukuzwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stendi, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha miaka mitatu ya chuo cha maabara. Hesabu alizifaulu kwa ubishi zaidi kuliko kwa kipaji.

Aliajiriwa maabara mwaka 1991, na kuanzia 2009 alifanya kazi chumba cha vinasaba. Damu hutiwa dawa ya kuifungua ili vinasaba vitoke, kisha chembe ndogo za sumaku ambazo vinasaba hivyo huzing'ang'ania. Kichupa kikiwekwa kwenye sumaku, chembe huganda ukutani na uchafu hufyonzwa. Ukifyonza kabla hazijaganda, unaondoka na vinasaba vyenyewe. Alikuwa akiwakaripia wenzake "Subiri!" kutwa nzima, ndipo wakamwita Mama Subiri.

Tarehe 9 Desemba 1995 aliolewa na fundi bomba aliyewahi kuja kuzibua sinki la maabara. Siku ile ya sinki, dada alimsimamisha mlangoni saa nzima mpaka yeye dada amalize kazi yake. Shemeji anasema alipoingia alikuwa keshasahau amekuja kutengeneza nini.

Juni 2016 Mama Subiri hakusubiri. Alifyonza mapema, akamwaga sampuli ya mtoto mchanga aliyekanwa na baba yake. Damu nyingine ya mtoto haikuwepo maabara. Mkuu wake akamwambia, "Jaza tu kwamba si wake, yaishe. Mwenyewe si keshamkataa?"

Dada akajibu, "Kichupa kitupu hakina baba wala mama. Nimemwaga mimi, na nitaandika nimemwaga mimi."

Akaandika. Akampigia simu mama wa mtoto, akamwomba radhi, damu ikatolewa upya. Mtoto alikuwa wa baba yuleyule aliyemkana. Wiki mbili baadaye dada akapewa barua ya kufukuzwa kwa uzembe. Mtaani yakasemwa mengi, na baadhi ya wasemaji mko hapa, karibuni. Kosa lilikuwa lake, hatulifuti. Uongo ndio aliokataa.

Saratani ya matiti iligunduliwa Februari 2021. Wodini alikataa kutolewa damu mpaka muuguzi aandike jina kwenye kichupa mbele ya macho yake. "Kufa nitakufa, mwanangu, ila siyo kwa majibu ya mtu mwingine." Alifariki Jumatano, tarehe 3 Agosti 2022, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Imeniuma, na bado inaniuma.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Ameacha pia barua ile ya kufukuzwa. Tuliombwa tuichome. Tumeichapa ukurasa wa nyuma wa ratiba hii, kwa herufi kubwa, pamoja na sahihi ya aliyeiandika. Geuzeni msome.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.