Velko Chakarov na Paa Alilomwahidi Zafira

Padri, majirani, nanyi wachimba mawe mlioweka nyundo chini leo, familia inaomba masikio yenu kidogo.

Mzee wetu, Velko Chakarov, alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 hapahapa Gorno Plochevo, katika milima ya Rodopi, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1963, ambako walimu walimsifu kwa mahudhurio tu, kisha akamfuata baba yake machimboni kupasua mawe bapa kwa nyundo na kabari. Huko alijifunza kugonga kila jiwe na kulisikiliza, linalolia ni zima, lisilolia lina ufa ndani, na hilo wachimbaji huliita kiziwi.

Tarehe 12 Septemba 1971 alifunga ndoa na Zafira katika ofisi ya kijiji, na mliokuwepo mnakumbuka bwana harusi alivyopiga magoti ghafla, karani, kwa kuwa enzi hizo serikali haikutaka dini, akaingiwa na hofu kwamba kuna mtu anataka kusali ofisini kwake, kumbe marehemu anagonga sakafu, akasema, “Ndugu, hili jiwe ni kiziwi.” Bibi harusi akamjibu, “Kiziwi ni wewe, Velko, umeulizwa kama unanitaka.” Alimtaka, na siku hiyohiyo akamwahidi paa la mawe kabla ya theluji.

Theluji ikaja, na nyingine nyingi, maana mawe mazuri aliyapeleka shuleni, kwa wajane, na kwenye ngazi za kanisa mlizopanda leo, ila ya kwake kila alipoyagonga aliyakuta viziwi. Wanawe, Rada, aliyezaliwa mwaka 1973, na Stamen, 1976, walikulia chini ya mabati yaliyotoboka, wakisikiliza matone kwenye beseni, na mama yao alichoka kuuliza, ingawa hakuchoka kununa.

Alistaafu mwaka 2009. Februari 2023 vumbi la mawe mapafuni lilimwangusha, daktari akamkataza kupanda popote, ndipo wenzake wakaleta mawe uani, wakamketisha kitini na blanketi, wakayagonga mbele yake, naye akakataa mengi kuliko aliyokubali, hadi Zafira akasema, “Likubali na hili, baba Rada, mbona mimi nilikukubali na ufa wako.” Alicheka mpaka akakohoa, akalikubali, na paa likakamilika tarehe 3 Oktoba.

Asubuhi ya tarehe 9 alizinduka, akauliza mbona mvua imekatika. Zafira akamwambia, “Inanyesha, Velko. Beseni nimelitoa.” Akatabasamu, na kabla ya adhuhuri akatuacha, nasi tunamlilia kwa kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchemshia ngano ya msiba, na wachimbaji mliopanda paani na magoti yenu hayo. Jiwe la kaburi Zafira ameligonga mwenyewe leo asubuhi, linalia.

Pumzika, mzee wetu. Kwako hakuvuji.