Hnem Sung Hakuonyesha Chemchemi

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Thinghmui, nanyi nyote wa Zawltlang mlioketi humu, kwa niaba ya familia ninasoma historia ya mama yetu, marehemu Hnem Sung, nami ni Dawt Zing, kitinda mimba wake, mwalimu wa watoto wenu. Jana jioni mzee mmoja alifika nyumbani kuomba historia hii ifupishwe, akasema, "Binti yangu, msiba ni msiba, soma kuzaliwa, ndoa na watoto, yatosha." Haikufupishwa.

Marehemu alizaliwa hapa Zawltlang mwaka 1898, mwezi wa kupanda mahindi, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Tum Kung na Bi Ngun Par, na kwa kuwa siku hizo hapakuwa na shule katika milima yetu, elimu yake ya utotoni ilikuwa kusuka nguo kwa mama yake, kupalilia mtama, na kupanda kutoka chemchemini na vibuyu sita vya mianzi mgongoni bila kumwaga tone.

Tarehe 11 Februari 1914, akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa akirudi na maji alipokutana njiani na ofisa mmoja wa jeshi la Mirang, Waingereza waliotutawala siku hizo, aliyetumwa kupima njia zote za miguu kutoka Haka hadi mpakani, akiwa na wapagazi ishirini na askari mmoja aliyesukuma gurudumu la kuhesabia maili. Ofisa huyo kila alipofika aliuliza na kuandika, nyumba ni ngapi, ghala zina nafaka kiasi gani, nyumbu wa mizigo wanapita wapi, jeshi likilala litakunywa wapi. Watu walidhani anatafuta njia ya biashara. Yule askari wa gurudumu alikuwa ameishiwa nguvu kwa kiu, midomo imempasuka, akaashiria vibuyu, marehemu akatua kimoja akamnywesha, kama mama yake alivyomfunza kumfanyia mpita njia yeyote, kisha akaendelea na safari yake ya kupanda mlima. Wanawake watatu waliokuwa wakipalilia jirani waliona, wakacheka, mmoja akamtania, "Hnem Sung, umeshapata mchumba, mbona hujamuuliza mahari?" Naye akacheka. Hayo ndiyo yaliyotendeka, hakuna jingine.

Mwishoni mwa 1917, Mirang walipotaka vijana wetu wakabebe mizigo katika vita vyao ng'ambo ya bahari, Zawltlang ilikataa, ikaziba njia kwa miiba na magogo, na tarehe 14 Januari 1918 jeshi likaja. Askari hao hawakuuliza njia kwa mtu, hawakupapasa, walikwenda moja kwa moja hadi kwenye chemchemi iliyofichwa nyuma ya jabali, ambayo hata watu wa vijiji jirani hawakuijua, wakaukata mfereji wa mianzi ulioleta maji kijijini, wakaketi kusubiri. Siku ya tatu watoto walikuwa wakilamba umande kwenye majani, na lango likafunguliwa. Nyumba arobaini na sita zilichomwa pamoja na ghala zake, watu wawili waliuawa kwa risasi, na tisa wakafa porini kwa baridi na njaa kabla ya mvua, miongoni mwao Bi Ngun Par, mama mzazi wa marehemu, aliyefia mikononi mwake.

Watu walipokuwa bado wanafukua majivu, mtemi Ceu Lian aliwakusanya akasema, "Mnauliza nani kaonyesha? Aliyewanywesha ndiye aliyewaonyesha." Wale wanawake watatu wakakumbuka kile kibuyu, na utani ukageuka ushahidi. Marehemu alisema, "Nilimpa maji, sikumpa njia," akasema mara moja, mara mbili, mara kumi, baba yake akasema naye, hakuna aliyewasikiliza, wakafukuzwa kwenda kuishi katika kibanda cha shambani, ng'ambo ya kijito.

Mwezi Novemba 1919 aliolewa na Bwana Kap Thang wa Thinghmui, aliyekuwa amerudi kutoka Ufaransa alikobebeshwa mizigo ya vita, mtu mpole mwenye maneno machache, ambaye alipoambiwa kuwa anaoa msaliti alijibu, "Mimi nimewaona Mirang kwao, hawana haja ya msichana wa kuwaonyesha kitu, wana vitabu." Kutoka Zawltlang hakuja mtu harusini, nao wakakaa katika kibanda kilekile ng'ambo ya kijito, pamoja na baba yake. Walijaliwa watoto watano, wawili wakatangulia mbele ya haki wakiwa wachanga, tukabaki watatu, kaka yetu Za Hmung, dada yetu Iang Zi, nami.

Kazi yake ilikuwa kilimo na kusuka, na nguo alizosuka mlizinunua, mlizivaa kwenye harusi zenu, wengine mmezivaa leo, lakini kwa miaka thelathini na tatu alichota maji chini ya pale wanapokunywa ng'ombe, kwa sababu kila alipopanda chemchemini alipinduliwa vibuyu vyake na kuambiwa, "Nenda kachote kwa shemeji zako Mirang!" Sisi watoto tulirudi nyumbani tukilia, naye alitufuta machozi, akachemsha maji yale ya tope mara mbili, akatupa tunywe. Mwaka 1941, akiwa na miaka arobaini na mitatu, alijifunza kusoma katika shule ya Jumapili, akiketi benchi la nyuma peke yake, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa amemaliza Injili ya Luka.

Mwezi Agosti 1951 kaka yetu Za Hmung, aliyekuwa karani wa serikali huko Haka, alipewa kazi ya kupanga karatasi kuukuu za Mirang zilizokuwa zikienda kuchomwa, na humo akakuta kitabu kidogo chekundu cha njia za milima yetu, kilichochapwa kwa matumizi ya jeshi. Ukurasa wa sitini na mbili ninausoma kama ulivyo, kwa lugha yetu: "Zawltlang, nyumba arobaini na sita, uzio imara wa miiba. Hakuna maji ndani. Maji huletwa kwa mfereji kutoka chemchemi nyuma ya jabali, hatua mia tisa kaskazini, mfereji ukikatwa kijiji hakitastahimili siku tatu. Chemchemi nilionyeshwa na mtemi Ceu Lian mwenyewe, tarehe 12 Februari 1914, naye alizawadiwa bunduki moja na blanketi mbili."

Wengi mnaikumbuka bunduki hiyo.

Kaka yetu alikileta kitabu hapa, akawasomea wazee watatu wa kanisa hili, ambao wote wamo humu leo. Mmoja akasema, "Mambo ya kale hayo, Za Hmung, Ceu Lian amekufa, ana watoto na wajukuu, na mama yenu ameshazoea." Ameshazoea! Wiki iliyofuata mama yetu aliruhusiwa kuchota maji juu, bila neno, kama mtu anayesamehewa kosa.

Za Hmung alitaka kukisoma kanisani kwa nguvu, marehemu akamkataza, kwa sababu mjane wa Ceu Lian, Bi Sui Men, alikuwa bado hai, na mwaka 1924 marehemu alipougua homa hata maziwa yakakauka, Bi Sui Men alivuka kijito kila alfajiri kwa siku arobaini kumnyonyesha Iang Zi, bila mumewe kujua. "Huyo mwanamke simwaibishi mbele za watu," alisema, "lakini msidhani sina hasira, ninayo, nimeiweka tu." Bi Sui Men alifariki mwaka jana. Siku hiyo marehemu alituita akasema, "Sasa kinaweza kusomwa. Kisomeni siku ya maziko yangu, maana nikiziona nyuso zao nitawahurumia, na sitaki."

Marehemu alianza kuvimba miguu na kubanwa na pumzi mwezi Oktoba 1962, akalazwa hospitali ya Haka mara mbili, moyo ukiwa umechoka, akafariki dunia nyumbani tarehe 9 Machi 1963, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Familia inamshukuru daktari wa Haka na wauguzi wake, waliomwita mama bila kuuliza anatoka wapi, walimu wenzangu walionishikia darasa, na jirani yetu Bi Hrang Tial, aliyekuwa akisimama naye pale chini akichota maji yaleyale ya ng'ombe, ingawa yeye hakukatazwa ya juu. Wengine tunawashukuru kwa kuni mlizoleta jana, ndizo za kwanza kuletwa kwetu.

Vijana wa kubeba jeneza ni wa Zawltlang, ndiyo desturi, na familia haiivunji. Lakini kila atakayeshika jeneza hili atasema kwanza, kwa sauti, mbele ya baba yetu Kap Thang, "Hnem Sung hakuonyesha." Asiyeweza, aketi. Wakikosekana, tutambeba sisi watatu na mzee wetu, njia tunaijua.

Mama, lala, upumzike kwa amani ambayo sisi huku hatukukupa.