Mawaridi ya Mwalimu Nereida

Mheshimiwa Meya, Padre Anselmo, ndugu wageni mliotoka mjini, nanyi wenyeji wa Campo Almendro mliovaa viatu vya Jumapili siku ya Alhamisi: nawasalimu nyote. Mama yangu, aliyeketi pale mbele, namsalimu peke yake, la sivyo leo nitalala njaa.

Tumekuja kumuaga Mwalimu Nereida Banegas, anayehamia Tegucigalpa. Mnaijua ile kompyuta kuukuu aliyoiweka maktabani, akaifundisha kazi moja tu: mlinzi wa daraja lililoko huko juu mtoni akituma kipimo cha maji ya mto Ulúa, yenyewe inatunga onyo, inalichora kwenye picha na kututumia sote simuni. Mwanzoni picha ilikuwa nyeupe, ina mhuri wa manispaa, safi kama shuka la hospitali. Nani aliisoma? Nani kati yenu alimtumia hata jirani? Sote tuliiruka, tukakimbilia zile picha za mawaridi za "Umeamkaje, Mungu akubariki" ambazo mama zetu hutumiana kabla hata ya kahawa.

Mwalimu hakununa. Aliiagiza mashine yake iandike maonyo juu ya mawaridi, na njiwa pembeni. Ofisa mmoja wa mkoa, ambaye nafurahi kumwona hapa, akasema huko ni kuidhalilisha serikali. Mwalimu akamjibu kwa upole, "Mheshimiwa, mimi natafuta picha ambayo bibi mmoja atamtumia mwenzake."

Kisha ikaja Novemba, mto ukapanda. Mimi nilikuwa ng'ambo, barabara imekatika, nampigia mama simu na hapokei. Nililia pale barabarani, jamani, mtu mzima na ndevu zangu. Maji yalipopungua nilimkuta juu ya tuta la kuzuia mafuriko, mzima, ananishangaa.

"Ningepokeaje, na mikono yote ina kuku?" akaniambia. "Shoga yangu Chepita kanitumia waridi, limeandikwa nitoke sasa hivi nipande tutani. Ningemkatalia Chepita? Angeninunia mpaka Krismasi."

Nyumba yake ilikwenda na maji, pamoja na za majirani zake wote. Watu hawakwenda nayo, hata mmoja. Mkoa, kwa kutujua tulivyo wabishi, ulikuwa umeshatuletea mbao za majeneza.

Mwalimu, kabla hujaondoka, yatazame madawati haya mapya ya shule yako, tuliyoyakalia leo. Ndizo mbao zile.

Nakushukuru, mwalimu wetu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.